Gamarjoba! Mwongozo kamili wa kuelewana na wenyeji Georgia ukiwa umetoka na Kiswahili chako

Georgia ninayoizungumzia ni ile nchi iliyobanwa kati ya Bahari Nyeusi na milima ya Kaukazi, si jimbo la Marekani. Wenyewe wanaiita Sakartvelo, na lugha yao kartuli. Lugha hiyo si ndugu wa Kirusi, wala Kituruki, wala Kiajemi. Ina ukoo wake mdogo pale pale milimani, na herufi zake hazifanani na za mtu mwingine.

Wageni wengi husafiri wakitegemea Kiingereza. Tbilisi na Batumi utafika nacho, maana vijana wa mjini wengi wanakiongea vizuri. Lakini anayeuza jibini sokoni, dereva wa basi dogo na bibi mwenye nyumba ya wageni kule kijijini mara nyingi hawana hata sentensi moja. Hapo ndipo Kiswahili kinapokusaidia kwa namna ambayo hukuitarajia. Kwa matamshi, kwa desturi ya salamu, na hata kwa maneno kadhaa, wewe uko karibu na Kigeorgia kuliko Mwingereza.

Hatua ya kwanza: salamu kabla ya swali

Hili hatuhitaji kufundishwa, ila tukifika ugenini huwa tunalisahau. Usiingie dukani na kuuliza bei moja kwa moja. Sema *gamarjoba*, au *gamarjobat* kwa mtu mzima au kundi la watu. Neno hilo lina asili ya ushindi, na jibu lake ni *gagimarjos*, yaani ushindi uwe wako. Ni kama shikamoo na marahaba: upande mmoja ukisema, mwingine una jibu lake, na ukilijua jibu umeshavuka nusu ya ukuta. Asubuhi utasikia *dila mshvidobisa*, na usiku wakati wa kuagana *ghame mshvidobisa*. Hilo *mshvidoba* ni amani.

Asante ni *madloba*. Ukitaka kukoleza, *didi madloba*. Samahani ni *ukatsravad*, na inafaa pia kumwita mhudumu au kupenya kwenye umati. Ndiyo ina ngazi tatu: *diakh* ya heshima, *ki* ya kawaida, *ho* ya washikaji. Hapana ni *ara*. Kwaheri ni *nakhvamdis*, na maana yake ni ile ile ya tutaonana.

Usishtuke ukisalimia mtu asitabasamu. Wageorgia hawana desturi ya kumchekea mgeni barabarani, na uso uliokaza si dalili ya chuki. Mpe dakika mbili. Pengine huyo huyo ndiye atakayekusindikiza hadi kituoni.

Hatua ya pili: matamshi, ambako umeshafika nusu ya njia

Kigeorgia kina irabu tano: a, e, i, o, u. Ni zetu zile zile. Kila herufi ina sauti moja na kila sauti ina herufi yake, kwa hiyo ukijua kusoma unajua kutamka. *Gh* ni ya ghali na ghafla. *Kh* ni ya kheri na sheikh. Kama wewe ni wa bara na huwa unasema "gali" na "heri", hapa itabidi ujirekebishe, maana divai ni *ghvino* na mkate wa jibini ni *khachapuri*, na tofauti inasikika.

Kuna pia hili la konsonanti zilizorundikana. Mzungu akikutana na neno *mta*, yaani mlima, anaanza kutafuta pa kushika. Sisi tunaosema mtu na mti hatuna shida. Jua wanaliita *mze*, na mji mkuu wao wa kale ni Mtskheta. Anza kama unasema "mtu" kisha songa mbele. Si yote yatakuwa mteremko. Wana neno *gvprtskvni*, lenye konsonanti nane kabla ya irabu moja. Hilo waachie wenyewe.

Sauti ngumu kweli ni zile za kukatwa kooni. Kigeorgia kina k mbili, t mbili, p mbili: moja inatoka na pumzi, nyingine inakatwa ghafla, kama kizibo kinachofunguka. Mtu wa Mombasa anayetofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi tu ana pa kuanzia, kwa kuwa ile yenye pumzi anayo tayari. Iliyobaki ni kuzuia hewa kooni na kuiachia kwa kishindo kidogo. Ukishindwa, watakuelewa hivyo hivyo.

F hawana. Telefoni yao ni *teleponi*, Afrika kwao inasikika kama Aprika, na dada yetu Fatuma ajiandae kuitwa Patuma safari nzima.

Hatua ya tatu: herufi, walau zile zitakazokuokoa

Alfabeti yao ya sasa, *mkhedruli*, ina herufi 33 na haina herufi kubwa. Wanaipenda mno. Mwaka 1978 watu walimiminika barabarani Tbilisi, chini ya utawala wa Kisovieti, kupinga Kigeorgia kuondolewa hadhi ya lugha rasmi katika katiba, na wakashinda. Tarehe 14 Aprili hadi leo ni siku ya lugha yao. Mwaka 2016 UNESCO iliingiza utamaduni wa mitindo yao mitatu ya maandishi kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Kwa hiyo mgeni akionekana ananong'ona herufi za bango moja moja kama mtoto wa chekechea, watu huja kumsaidia.

Alama nyingi za barabarani na za metro ya Tbilisi zina herufi za Kilatini pia. Herufi zao utazihitaji kwenye vioo vya mabasi madogo, milango ya maduka na vyoo. Anza na irabu: ა ni a, ე ni e, ი ni i, ო ni o, უ ni u. Kisha jizoeze na maneno mafupi. მამა ni m-a-m-a. პური ni *puri*, mkate. ღია ni *ghia*, pamefunguliwa. დაკეტილია ni *daketilia*, pamefungwa. აფთიაქი ni *aptiaki*, duka la dawa.

Chooni, mlango wa wanawake unaanza na ქ (ქალი, *kali*, mwanamke) na wa wanaume unaanza na კ (კაცი, *katsi*, mwanaume). Kwa sikio letu zote mbili ni k. Ziangalie vizuri hizo umbo. Mimi niliwahi kuusukuma mlango usio wangu, na kelele niliyopigiwa haikuhitaji mkalimani.

Saa moja kila jioni kwa wiki moja kabla ya safari inatosha kwa herufi zote. Usiache ukafika ndipo uanze.

Hatua ya nne: maneno ambayo tayari unayo

Kigeorgia, kama Kiswahili, kimekopa sana kutoka Kiarabu na Kiajemi kwa njia ya biashara na utawala. Ndiyo maana chai ni *chai*. Pilipili manga ni *pilpili*. Sukari ni *shakari*, kalamu ni *kalami*, hali ya hewa ya nchi ni *hava*, saa ni *saati*. *Dukani* kwao ni kilabu cha zamani cha kula na kunywa, ila shina ni lile la duka. Daktari ni *ekimi*, kutoka hakim ya Kiarabu, ambayo kwetu ilienda mahakamani ikawa hakimu. Siku ya kwanza unaweza kuomba chai na sukari bila kufungua kitabu.

Kisha kuna mtego. *Mama* ni baba. Si utani: mama kwa Kigeorgia ni baba mzazi, na mama mzazi ni *deda*, neno ambalo sikio letu hulivuta kwenye dada. Ukimwonyesha bibi wa nyumba picha ya mzazi wako na kusema "mama", ataiangalia picha, atakuangalia wewe, kisha atawaita majirani. Angalau babu ni *babua*, na hapo mambo yanakaa sawa. Bibi ni *bebia*.

Utashangaa pia kusikia mzazi akimwita mtoto wake kwa cheo chake mwenyewe: mama anamwambia mwanawe "deda", baba anasema "mamiko". Anayejua namna bibi zetu wanavyowaita wajukuu "mume wangu" hatapata tabu kuelewa.

Hatua ya tano: namba, ambako pesa hupotea

Moja hadi kumi ni *erti, ori, sami, otkhi, khuti, ekvsi, shvidi, rva, tskhra, ati*. Zikariri. Shida inaanza baada ya ishirini, kwa sababu wanahesabu kwa ishirini-ishirini. Ishirini ni *otsi*. Thelathini ni *otsdaati*, ishirini na kumi. Arobaini ni *ormotsi*, ishirini mbili. Sitini ni *samotsi*, ishirini tatu. Themanini ni *otkhmotsi*, ishirini nne. Sabini na tano ni *samotsdatkhutmeti*: ishirini tatu na kumi na tano. Mia ni *asi*, elfu ni *atasi*.

Kwa hiyo ukisikia bei inaanza na "sam", usikimbilie kutoa lari (fedha yao) tatu. Inaweza kuwa sitini na kitu. Nilipofanya kosa hilo sokoni, muuzaji alidhani nambeza mzigo wake wa asali, na ilinibidi nimpe simu aandike namba. Tangu siku hiyo nauliza *ra ghirs?* (inagharimu kiasi gani?) huku kikokotoo kiko mkononi tayari. Lari moja ni tetri 100, na matunda ya sokoni mara nyingi hutajwa bei kwa kilo.

Saa nayo ina kitanzi chake. *Khutis nakhevari* ni nusu ya tano, lakini maana yake ni saa nne na nusu kwa saa ya kizungu, yaani nusu ya kuelekea tano. Kwetu hiyo ni saa kumi na nusu jioni. Sasa chukua mtu aliyezoea kuhesabu saa kuanzia macheo, mwambie basi linaondoka "nusu ya tano", kisha uone atafika lini. Omba waandike kwa tarakimu: 16:30. Kumbuka pia kwamba Tbilisi iko saa moja mbele ya Dar es Salaam na Nairobi.

Hatua ya sita: marshrutka

*Marshrutka* ni daladala, ni matatu, ila nyingine zinavuka milima. Kituo cha Didube, Tbilisi, ndiko utakakopata zinazokwenda Mtskheta, Gori, Kutaisi na Kazbegi. Hakuna kaunta ya kupendeza. Kuna wapiga debe wanaotangaza majina ya miji, na kibao kwenye kioo cha mbele. Hapo ndipo herufi zako zinalipa: მცხეთა ni Mtskheta, ქუთაისი ni Kutaisi, ყაზბეგი ni Kazbegi. Kama herufi zimekutoroka, simama na utaje jina la mji kwa sauti ya kuuliza, kisha fuata mkono unaoonyesha.

Neno la kulishika kuliko yote ni *gaacheret*, simamisha. *Ak gaacheret* ni simamisha hapa. Ndiyo "shusha!" yao, na lisiposikika utapelekwa mbele. Nilichojifunza ni kulisema mapema na kwa sauti kubwa, bila haya. Kuhusu nauli, tazama wenzako wanalipa wakati gani, ufanye vivyo hivyo.

Ndani ya miji mikubwa tumia programu ya kuitia teksi. Bolt inafanya kazi Tbilisi, Batumi na Kutaisi, na inakuondolea mazungumzo yote ya njia na bei. Kijijini haitakufaa. Huko, hifadhi kwenye simu picha ya anwani ya unapolala ikiwa imeandikwa kwa Kigeorgia, pamoja na namba ya mwenye nyumba. Dereva akichanganyikiwa, piga na umpe simu waongee wenyewe.

Hatua ya saba: mezani

Menyu za mjini mara nyingi zina Kiingereza. Penye menyu ya Kigeorgia tupu, silaha yako ni neno *gareshe*, bila. *Khortsis gareshe* ni bila nyama. *Ghoris khortsis gareshe* ni bila nguruwe. Hili la pili ni muhimu kwa ndugu Waislamu, kwa sababu *khinkali*, zile mandazi za kuchemshwa zenye mchuzi ndani, kwa kawaida hujazwa mchanganyiko wa ng'ombe na nguruwe, na hakuna atakayekuambia usipouliza. Nyama ya ng'ombe ni *sakonlis khortsi*, kuku ni *katami*, samaki ni *tevzi*. Ukisema *muslimi var*, mimi Mwislamu, utaeleweka: mkoa wa Ajara, ambao makao yake ni Batumi, una Waislamu wa Kigeorgia tangu enzi za Waturuki, na Tbilisi kuna msikiti mtaa wa mabafu ya kale.

Asiyekula nyama wala maziwa aulize chakula cha *samarkhvo*, yaani cha mfungo wa Waorthodoksi. Maharage yao, *lobio*, hayatakupa ugeni. Magharibi mwa nchi ulizia *ghomi*: unga wa mahindi meupe uliosongwa, ukifuatana na jibini. Ni ugali. Mlaini kidogo, lakini ni ugali. Mwenye mzio wa karanga za miti awe macho, maana jozi (walnut kwa Kiingereza) zinaingia karibu kila kitu cha mboga na mchuzi wa *satsivi*. Sema *nigvzis gareshe*.

Ukialikwa nyumbani, huenda ikawa *supra*, karamu yenye msemaji wake, *tamada*, anayeongoza maombi ya kunyanyua glasi: kwa amani, kwa nchi, kwa waliotangulia, kwa wazazi, kwa mgeni. Msemaji akiongea usiongee, hata kama huelewi neno. Kunywa si lazima. Weka kiganja kifuani, sema *ar vsvam*, sinywi, na rudia mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza na ya pili hazihesabiwi. Zamu yako ikifika, simama. Sema kwa Kiswahili unayotaka kusema, polepole, ukiwatazama machoni, kisha malizia na *Sakartvelos gaumarjos!* Nimeona hotuba ya Kiswahili kitupu ikishangiliwa kuliko Kigeorgia cha kuungaunga. Hawa ni watu wanaoheshimu kauli iliyopangwa, na wanaisikia hata wasipoielewa.

Hatua ya nane: majina, heshima, na rangi yako

Mtu mzima humwiti kwa jina tupu. Ni *batono* kwa mwanaume na *kalbatono* kwa mwanamke, kisha jina la kwanza. Vijana wataitana *dzmao*, ndugu yangu, na wakikuzoea utaitwa hivyo. Wewe ya heshima ni *tkven*, ya kawaida ni *shen*; ukiwa na shaka tumia *tkven*.

Utaulizwa *saidan khart?*, unatoka wapi? Jibu: *Tanzaniidan var, Keniidan var*. Kama wewe ni mweusi utatazamwa, hasa nje ya Tbilisi, na huenda ukaombwa picha. Kuna neno la kulijua kabla hujalisikia: *zangi*. Ni jina la zamani la mtu mweusi, lililotoka Kiajemi, na ndilo lililo ndani ya jina Zanzibar. Mzee wa kijijini anaweza kulitamka bila nia mbaya. Kijana akilitamka kwa kejeli utaijua sauti yake. Neno lenye staha ni *shavkaniani*. Mara moja nilimweleza mzee mmoja kwa kuchora ramani kwamba zangi na Zanzibar ni shina moja, na somo hilo lilitula mchana mzima.

Hatua ya tisa: Kirusi, kwa uangalifu

Waliokulia enzi za Kisovieti wanakijua vizuri, na ukikijua nawe kitakufaa. Ila usianze nacho. Vita vya 2008 na Urusi havijasahaulika. Abkhazia na Ossetia Kusini, maeneo mawili yaliyojitenga na Georgia, ziko chini ya majeshi ya Urusi hadi leo, na tangu Warusi wengi walipohamia kufuatia vita vya Ukraine mwaka 2022 kuta za Tbilisi zimejaa maandishi ya hasira. Salimia kwa Kigeorgia kwanza, kisha uliza: *inglisuri itsit?* unajua Kiingereza? Wakikataa, *rusuli itsit?* Mara nyingi wao wenyewe watahamia Kirusi bila kuulizwa, na hapo hakuna neno.

Hatua ya kumi: simu na dharura

Nunua laini ya Magti au Silknet ukifika. Kwenye programu ya kutafsiri, pakua Kigeorgia kabla ya kupanda milimani. Ukiandika, andika sentensi fupi isiyo na methali wala mafumbo. Kigeorgia, kama Kiswahili, hubana sentensi nzima ndani ya kitenzi (*mikvarkhar* ni nakupenda, neno moja kwa neno moja), na mashine hujikwaa hapo. Kiswahili kwenda Kigeorgia moja kwa moja hutoka ovyo mara nyingi. Kama una Kiingereza, anzia huko.

Namba ya dharura ni 112: polisi, zimamoto na gari la wagonjwa. Nisaidie ni *damekhmaret*; yowe la kuomba kuokolewa ni *mishvelet!* Panapouma, taja kiungo kisha *mtkiva*: *tavi mtkiva*, kichwa kinauma, *mutseli mtkiva*, tumbo linauma.

Kuna sehemu ambako Kigeorgia chako hakitakuwa lugha ya mlangoni. Svaneti wana Kisvani, Zugdidi na vitongoji vyake wana Kimegreli, ingawa wote hao wanajua Kigeorgia. Akhalkalaki na Ninotsminda ni kwa Waarmenia. Huko salamu ni *barev*. Na Marneuli, kusini mwa Tbilisi, ni kwa Waazeri. Mtu wa pwani akifika Marneuli asihangaike na kitabu: aingie sokoni, aseme *salam*, aombe *chai*.